Wiki Hii Hakuna Ndagala

Hadjara aliuza ndagala, wale dagaa wa Ziwa Tanganyika, huko Rumonge, Burundi, na kila aliyemfahamu alijua kwamba neno "hakuna" halitoki kinywani mwake. Marehemu mama yake, Chausiku, ndiye aliyemfunza hivyo. Mteja akiuliza kama kitu kipo, mwambie kipo. Kama hakipo, mwambie kinakuja. Ukimwambia hakuna, atakwenda kwa jirani, na akishaizoea njia ya jirani umempoteza. Mama aliuza hivyo maisha yake yote, na binti naye aliuza hivyo kwa miaka ishirini na miwili.

Kila asubuhi, mitumbwi ikirudi, Hadjara alikuwa wa kwanza kufika mwaloni. Alinunua ndagala wabichi kwa karai, akawaanika kwenye vichanja vyake vya waya. Wenzake wengine waliwaanika chini, juu ya mchanga. Ndagala wa Hadjara ukiwala husikii mchanga mdomoni, na kwa sababu hiyo watu walimfuata kutoka mbali.

Lakini ndagala huvuliwa kwa taa, katika usiku wa giza. Mwezi ukijaa, taa hazina kazi. Wavuvi hulala nyumbani, na vichanja hubaki vitupu karibu wiki nzima. Watu wa Rumonge wanalijua jambo hilo tangu utotoni. Watu wa milimani hawalijui, na Hadjara hakuona sababu ya kuwaambia.

Ndipo likatokea lile la Fabiola. Fabiola alikuwa na duka Gitega, huko milimani, na kwa miaka minane nusu ya ndagala wa Hadjara walikwenda kwake. Siku moja alipiga simu akauliza, "Mama Asma, ndagala iko?" Watu walimwita Hadjara kwa jina la binti yake mkubwa, Asma. Mwezi ulikuwa umejaa. Hadjara akajibu kama alivyozoea, "Iko, njoo tu."

Alitumaini atapata kidogo kwa wenzake. Hakupata. Fabiola akafika kesho yake jioni, amechoka, maana esansi, yaani petroli, ilikuwa ya shida na alingoja gari tangu alfajiri. Akaviona vichanja vitupu. Hakupiga kelele. Alikunja magunia yake aliyokuja nayo, akasema, "Ungeniambia hakuna, Mama Asma, ningekaa nyumbani." Kisha akaenda.

Miezi miwili ikapita bila simu yake. Wateja wengine wawili wa Gitega nao wakanyamaza. Hadjara aliumia sana. Mauzo yalikuwa yamepungua, ndiyo, lakini kilichomuuma zaidi ni yale magunia kurudi Gitega matupu. Alitaka kumpigia Fabiola amwombe radhi, ila kila alipoishika simu, aibu ilimrudisha nyuma.

Mumewe, Uledi, alikuwa fundi wa kushona nguo, mtu mwenye mawazo makubwa kuliko kibanda chake. Wateja wake walikuwa wamemweleza habari za tovuti, yaani kurasa za biashara kwenye intaneti ambazo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzifungua. Uledi akaipenda habari hiyo mara moja. Alisema wakiwa na tovuti, hao wa Gitega watarudi wenyewe, na wa Bujumbura wataongezeka. Alikuwa tayari amekwisha kuipanga kichwani. Juu kabisa iwekwe picha yake, amevaa koti alilojishonea. Herufi ziwe za rangi ya dhahabu. Na ukifungua tu, muziki uanze.

Wakaenda katika biro, ofisi ndogo karibu na soko, ambako vijana wawili walikuwa wakitengeneza tovuti za wafanyabiashara. Melkiades alichora kurasa na kupiga picha. Ineza ndiye aliyezungumza na wateja na kupanga kazi. Ineza alizaliwa ukimbizini Tanzania, wazazi wake wakarudi naye Rumonge akiwa msichana, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka.

"Mwanangu, unaongea kama redio," Hadjara alimwambia baada ya salamu.

Ineza akacheka, kisha akauliza swali ambalo hawakulitegemea. Alitaka kujua nani ataifungua hiyo tovuti, na atakuwa anatafuta nini. Uledi akajibu kwamba watu wataifungua ili wawaone wao.

"Tusianze na rangi," Ineza alisema. "Tukijua wateja wenu wanauliza nini, tutajua cha kuandika. Mkiniruhusu, nitakaa mezani pa Mama Asma siku tatu, nisikilize."

Uledi aliona hizo ni siku tatu za bure, na akashikilia picha yake. Basi Melkiades akamchorea ukurasa huo kwenye karatasi, kama alivyoutaka, pamoja na koti. Ineza akaichukua ile karatasi hadi kwenye kona wanapoegesha watu wa pikipiki. Akampa mmoja wao, Barnaba, akamwomba aangalie humo amwambie siku gani atapata ndagala.

Barnaba aliigeuza karatasi, akaigeuza tena. "Huyu mzee anagombea kiti gani?" akauliza.

Uledi, aliyekuwa amewafuata, aliichukua karatasi yake, akaikunja akaitia mfukoni. Siku ya pili yake alikubali Ineza akae siku zake tatu.

Ineza akaja na daftari la shule. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na kila mtu aliyeuliza kitu, kwa mdomo au kwa simu, yeye alipiga mstari mmoja daftarini. Hadjara alimuona ni mtoto mwenye kazi ya ajabu, akawa anamletea chai na kumsimulia kwamba Fabiola wa Gitega ameacha kuja. Siku ya tatu Ineza akafungua daftari mbele yao wote wawili. Watu waliuliza maswali sitini na moja. Tisa tu yalihusu bei. Manne yalihusu mchanga. Zaidi ya arobaini yalikuwa swali lilelile: Iko? Itakuwepo lini? Nije siku gani?

"Basi hilo ndilo liwe juu kabisa," Ineza alisema. "Mtu akifungua, asome mstari mmoja: wiki hii wapo, au wiki hii hakuna. Na kama hakuna, aone tarehe watakapopatikana."

Hadjara akaweka kikombe chini. "Niandike hakuna? Dunia yote isome? Hapana, mwanangu. Mimi sikulelewa hivyo."

"Yule mama wa Gitega aliacha kuja kwa sababu ulimwambia hakuna?"

Uledi akajifanya anatafuta sindano kwenye ukosi wa shati lake.

"Nilimwambia iko," Hadjara akasema mwishowe.

Hapo ndipo kazi ilipoanza kweli. Ineza aliandika karatasi ya makubaliano: nini kitafanywa, kitamalizika lini, na malipo yatatolewa kwa hatua, kazi inavyokwenda. Aliwasomea yote polepole. Alisisitiza kwamba jina la tovuti liandikishwe kwa Hadjara mwenyewe, na neno la siri la kuifungua akae nalo yeye. Aliwaeleza kwamba wako watu waliomwachia fundi kila kitu, fundi akahama mji, na tovuti ikahama naye.

Melkiades akapiga picha za vichanja vyenyewe, na mikono ya Hadjara ikigeuza ndagala. Uledi aliuliza kama haingefaa kuweka picha ya meli kubwa iliyopatikana kwenye intaneti. Ineza akamwambia mteja akija akakuta mtumbwi, atajiuliza na mengine yaliyoandikwa kama ni kweli. Picha zilipunguzwa uzito ili zisimlie mtu megabaiti zake. Maneno yaliandikwa kwa Kiswahili na Kirundi, na Kifaransa kidogo kwa ajili ya hoteli. Muziki uliachwa. Chini kabisa, pale panapoeleza wenye biashara ni nani, waliweka picha ndogo ya mume na mke, na Uledi alivaa koti lake.

Mwisho Ineza akamkalisha Hadjara, akamfundisha kubadilisha ule mstari wa juu kwa simu yake mwenyewe. Hadjara alikosea mara tano. Mara ya sita ukakubali.

"Kazi hii hatutakufanyia sisi," Ineza alisema. "Ziwa unaliona wewe. Ukiuacha mstari wa mwezi uliopita, watu watajua hakuna mtu humu, hawatafungua tena."

Aliwaambia pia kwamba tovuti peke yake haimwiti mtu, lazima wenyewe waitangaze. Wakatuma anwani kwa kila namba iliyokuwa kwenye simu ya Hadjara, isipokuwa ile ya Fabiola, maana hapo kidole kilimkataa. Wakaweka mahali pao kwenye ramani ya simu. Halafu Uledi akapata kazi inayomfaa. Alikata herufi kwenye boksi gumu kwa mkasi wake wa ushonaji, akawa anaipiga rangi anwani ile kwenye kila gunia linalotoka. Zilikuwa herufi nzuri kweli, na hakuchoka kuwaonyesha watu.

Wiki tatu za kwanza mstari ulisema ndagala wapo, na simu zikaja nyingi. Kisha mwezi ukajaa. Mitumbwi ikabaki ufukweni. Hadjara akakaa mlangoni na simu mkononi, akamkumbuka mama yake, akaona haya kana kwamba yupo hapo anamtazama. Akaandika: "Wiki hii hakuna ndagala. Mwezi umejaa. Njoo Jumatano ijayo."

Siku tatu simu haikulia. Uledi aliuliza mara kadhaa kama kile kitu hakijaharibika. Jirani mmoja pale mwaloni aliposikia habari hiyo alicheka, akasema hajawahi kuona mtu anayelipa ili atangaze kwamba hana kitu. Hadjara alijaribu kucheka naye. Moyoni aliogopa kwamba amejifungia biashara kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya nne simu ikalia. Ilikuwa ile namba ya Gitega.

"Amahoro, Mama Asma," Fabiola alisema. "Nimeona gunia lako kwa mutu sokoni huku. Ile anwani nikaifungua. Umeandika hakuna."

"Ndiyo, mama. Hakuna."

"Hakuna kweli?"

"Hata ya kumupa paka."

Fabiola akauliza, "Na hiyo Jumatano?"

"Jumatano itakuwepo," Hadjara alisema, kisha akaongeza haraka kabla aibu haijamzuia, "Na ile siku nilikukosea. Unisamehe."

Fabiola hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alisema ataangalia.

Jumatatu mitumbwi iliingia ziwani tena, na Jumanne asubuhi ikarudi imejaa. Hadjara akaanika vichanja vyote. Saa nne hivi ikashuka mvua kubwa. Akafunika kwa maturubai, yeye na Uledi, wakalowa wote wawili. Ndagala hawangekauka siku hiyo. Zamani angejiambia waje tu, watangoja hapa hapa. Sasa alisimama chini ya paa la jirani, akafuta mikono kwenye kitenge, akabadilisha mstari: "Mvua imenyesha. Njoo Alhamisi."

Alhamisi saa sita gari lilisimama barabarani. Akashuka Fabiola, na nyuma yake mwanamke mwingine ambaye Hadjara hakumjua. Kila mmoja alikuwa amebeba magunia kwapani. Fabiola alisogea kwenye kichanja, akachukua ndagala mmoja, akamvunja. Alikuwa mkavu. Akamtia mdomoni, akatafuna taratibu.

"Jumatano nilikuwa nimeshavaa viatu," alisema. "Nikafungua simu, nikasoma mvua. Nikavua viatu."

Hadjara akamsogezea ndoo akae.

"Miaka minane uliniambia iko, iko," Fabiola aliendelea. "Nilikuwa nakuja na wasiwasi njia yote. Sasa umejua kusema hakuna, ukisema iko nitaamini. Huyu anaitwa Agata, iko na restora, anapikia watu. Mupimie kwanza yeye."

Wakapima mpaka vichanja viwili vikabaki vitupu. Uledi alibeba magunia hadi kwenye gari, akihakikisha upande wenye herufi zake unatazama nje. Fabiola alipopanda alisema murakoze, yaani asante, na akamwambia Hadjara watazungumza kabla mwezi haujajaa tena. Sasa naye aliujua mwezi.

Tangu hapo Hadjara huandika mstari wake kila siku, akimaliza kuanika. Ziwa linapofungwa ili samaki wazaliane, huandika hivyo pia, na tarehe ya kufunguliwa. Wateja wa Gitega wamerudi wote watatu. Wameongezeka wengine wa Bugarama na Muhuta. Hakuna aliyeingia tena Rumonge akakuta waya mtupu. Yule jirani aliyecheka amekwenda katika ile biro kimyakimya, akidhani hakuonwa.

Juzi mwezi ulikuwa umejaa tena. Hadjara na Uledi walikuwa wakinywa chai nje asubuhi, bila haraka, kwa kuwa hapakuwa na la kufanya. Simu ikalia. Mtu mgeni kutoka Minago, ambaye bado hakuijua ile anwani, aliuliza kama ndagala iko.

"Hakuna," Hadjara alijibu. Akamtajia siku ya kuja, akaweka simu mezani, akamimina chai kikombe cha pili.