Mkono wa Mwalimu

Msimu wa mitihani ukikaribia, hakuna mahali pa tabu kama duka la kutoa kopi. Siku hiyo watu walibanana mpaka mlangoni, mashine zilinguruma, hewa ilinuka wino na karatasi ya moto, na kila mtu aliapa kuwa yeye ndiye aliyetangulia. Katikati ya purukushani hiyo alisimama mwalimu wa programu za kompyuta, mwanamke wa gauni la kijani na kilemba cha kahawia, uso umechoka lakini macho yanaona. Wanafunzi wake walimpachika jina la Nuktamkato, maana hakuna aliyewahi kuisahau alama hiyo ya kufunga mstari katika msimbo wa programu yake, yeye asiione. Jina alilijua, tena alilipenda, ila hakuwaambia.

"Kaka, karatasi zangu ziko wapi?"

"Nimeshazitoa, dada. Amezichukua yule pale."

Yule pale alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, ameegemea ukuta anasoma mtihani wa watu kama anayesoma gazeti.

"Samahani, hizo ni zangu."

"Ni zako?" Hakuinua hata uso. "Basi swali la nne lina kosa, mwalimu. Hiki kitanzi hakina mwisho. Kitazunguka mpaka kiama."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, hakina mwisho. Endelea kusoma, chini kabisa."

Akasoma. *Eleza kwa nini programu hii haitasimama.* Masikio yakamwiva.

"Basi nimefaulu," akasema akijikaza.

"Kutafuta kosa umefaulu. Kusoma swali mpaka mwisho umefeli. Lete karatasi zangu."

Alizitoa huku anacheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu asiyeona haya kukosolewa. Hicho ndicho alichoondoka nacho Nuktamkato siku ile, kuliko karatasi. Akaja kujua baadaye kwamba yule bwana aliandika programu za hospitali kubwa ya mjini, zile zinazopanga wagonjwa na dawa, na kwamba karatasi zake mwenyewe alizisahau dukani kwa kumfuata mwalimu hadi nje aombe namba ya simu.

Simu zikaanza. Alipiga wakati wa mapumziko ya saa nne, akijua kuwa ndipo mwalimu yuko peke yake katika chumba cha kompyuta.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Nimekula chaki."

"Siku hizi bado mnatumia chaki?"

"Mtihani wenyewe wanaandika kwa kalamu, kwenye karatasi, bila kompyuta. Nikiwazoesha mashine kuwaonyesha makosa, siku hiyo watalia. Kwa hiyo tunaandika msimbo ubaoni, halafu mmoja anakuwa kompyuta, anautekeleza mstari kwa mstari kwa miguu. Leo mmoja ameizunguka meza mpaka akapata kizunguzungu. Hakuwa ameandika pa kusimama."

"Ningekuwa mimi ningezunguka tu, nikuangalie."

"Wewe nawe! Una maneno kama muuza mitumba."

Jumapili moja mchana Nuktamkato alimkaribisha nyumbani kwa mama yake, wakanywa chai na mama huyo, muuguzi mstaafu mwenye kupima watu kwa jicho moja tu. Mama alipokwenda jikoni, mgeni akaomba aone programu ambayo mwalimu aliiandikia maktaba ya shule. Alisoma kwa muda, kisha akatabasamu.

"Hapa unaweka thamani kwa muda mfupi, na pahala hapo umepaita *sufuria*. Kwa nini?"

"Kwa sababu linashika kitu kinapopikwa. Kikiiva, napakua."

"Na hii *mwiko*?"

"Inakoroga. Inavibadilishia vitu nafasi."

"Mpenzi, hata ukiandika bila kutia jina, nitaujua mkono wako popote."

Hakuna aliyewahi kumwambia neno tamu kama hilo. Macho yake, meno yake, mwendo wake, walishasifu wengine. Mkono wake wa kazi hakuna aliyewahi kuutazama.

Ikafika miezi ya miradi ya mwisho. Kila mwanafunzi alitakiwa kuandika programu yake mwenyewe inayotatua shida ya kweli, na mradi ulikuwa na uzito mkubwa katika matokeo. Nuktamkato alipita baina ya meza mikono nyuma, kwa makusudi, isije ikaigusa kibodi. "Usiniulize jibu," aliwaambia. "Niambie ulitaka itokee nini, na kimetokea nini."

Kati yao alikuwapo binti ambaye wenzake walimwita Kimya. Aliishi na shangazi yake, fundi cherehani, na mradi wake ulihusu kitambaa: unaingiza vipimo vya mteja, programu inakwambia ukate vipande vipi, uvipange vipi, usipoteze nguo. Ulikuwa mradi mzuri kuliko yote aliyowahi kuiona mwalimu. Shida ni kwamba Kimya hakuwa na mdomo. Akiulizwa, alijibu kwa kuandika.

Miradi ikakusanywa, ikapelekwa bodi ya mitihani kwa namba tu, bila jina la shule wala la mtoto. Na hapo ndipo simu za saa nne zilipokatika.

Kwanza yule bwana alisema, "Nina kazi mpya kidogo, nitakueleza siku nyingine." Kisha akawa anajibu kwa ujumbe mfupi. Kisha hata huo hakuna. Nuktamkato aliitazama simu yake wakati wa mapumziko mpaka akajionea aibu, akaifungia kabatini.

"Mwanangu," mama alimwambia akikunja nguo, "mwanamume akinyamaza ghafla, ama amepata, ama amepoteza."

"Amepata nini, mama?"

"Mimi nitajuaje? Muulize yeye."

Hakumuuliza. Alikuwa na kiburi cha watu wapole, ambacho ndicho kigumu kuliko vyote.

Ndipo mkuu wa shule alipomwita ofisini, akafunga mlango.

"Mwalimu, bodi imeuzuia mradi wa yule binti asiyesema. Inasemekana haukuandikwa na yeye."

"Umeandikwa na nani, basi?"

Mkuu alivua miwani. "Na wewe. Kuna mtahini aliyeuona akasema anaujua mkono wako."

Anaujua mkono wako. Nuktamkato alisimama akashika kiti. Hakuhitaji kuambiwa jina. Duniani aliyewahi kuusema mkono wake alikuwa mmoja tu, tena aliusema kwa mapenzi, sebuleni kwa mama yake.

Aliitoa simu kabatini, akaenda nyuma ya madarasa, kwenye bomba la maji, akapiga.

"Siruhusiwi kuongea na wewe sasa," ile sauti ilijibu, nzito. "Tafadhali. Ikiisha, nitakueleza kila kitu."

"Nieleze sasa! Nilikukaribisha nyumbani, nikakufungulia kazi yangu, ukaisoma. Kumbe ulikuwa unanisomea mashtaka?"

"Mtahini wao aliugua, wakaniita mimi. Sikujua nitaletewa miradi ya shule gani. Nilipoiona ile *sufuria*, na *mwiko*, na vile unavyoacha mstari mtupu kabla ya kila... Ningefanya nini? Ningenyamaza kwa sababu nakupenda? Niliwaambia ukweli: huyu mwalimu ni mtu wangu, mimi sifai kumhukumu, lakini nilichokiona ni hiki. Wakaniondoa."

"Uliiona sufuria. Mtoto hukumwona."

"Sikiliza..."

"Wewe ulijifunza kuongea kwa nani? Si kwa mama yako? Basi unaongea kama yeye. Je, mama yako ndiye anayekuongelea?"

Hakungoja jibu. Akakata simu, akafungua bomba, akanawa uso, akarudi darasani kufundisha.

Bodi iliamua Kimya aitetee kazi yake kwa mdomo. Habari hiyo ilipomfikia binti, alikaa chini palepale koridoni.

"Mwalimu, siwezi."

Nuktamkato alichuchumaa mbele yake. Maneno mengi yalimjaa kinywani: utaulizwa hivi, jibu hivi. Akayameza yote. "Ukimweleza shangazi yako programu yako, unaanzia wapi?"

"Nachukua kitambaa," Kimya alinong'ona. "Nakunja."

"Basi njoo na kitambaa."

Mtahini aliyekuja alikuwa mama wa makamo, suti ya buluu, miwani ikining'inia shingoni kwa mnyororo. Alimruhusu mwalimu akae nyuma ya chumba kwa sharti moja. "Ukifumbua mdomo, mwalimu, au hata ukiinua nyusi, namfuta."

Kimya aliingia na kipande cha kitenge kifuani kama aliyebeba mtoto mchanga. Mwanzo sauti haikutoka kabisa. Kisha akakitandaza kitambaa juu ya meza, akaanza kukunja, na vidole vilipoanza kazi, maneno yakavifuata. Hapa mgongo, hapa kifua, hapa mkono. Programu inaanza na kipande kikubwa, kisha inajaza mianya kwa vidogo, vile afanyavyo shangazi.

"Na *sufuria* ni nini?" mtahini aliuliza bila kutabasamu.

"Mwalimu ndiye anaita hivyo. Mimi kwanza niliita *kikapu*. Lakini kikapu kinavuja."

Mtahini alikohoa kwa namna iliyofanana na kicheko. "Haya. Kitenge chako kina ndege. Ndege wote wanatazama juu. Programu yako imekigeuza kipande cha mkono kichwa chini. Mteja atavaa ndege waliokufa. Rekebisha, nione."

Kimya aligeukia kompyuta. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Akaiendesha. Ikagoma.

Kutoka alipokaa, Nuktamkato aliliona kosa. Aliliona kabla mtoto hajaondoa kidole. Alama yake mwenyewe, nuktamkato, haipo mwishoni mwa mstari. Kitu kidogo kama mbegu ya ufuta. Kimya alikuwa akitafuta mbali, juu kabisa, pasipo na kosa, shingo imelowa jasho. Mwalimu alibana mikono katikati ya magoti. Kila alichonacho mwilini kilitaka kusema. Kumpenda mtu, kumwona anazama, na kamba unayo mkononi, na ukiitupa tu, kazi yake yote ya kweli inageuka uwongo! Alitazama sakafu. Na hapo, bila kutaka, akamwona moyoni yule mwanamume mbele ya karatasi za bodi, anaijua sufuria ni ya nani, na mdomo wake ndio utakaomkosesha mpenzi. Alikosea, ndiyo. Alimwona mwalimu, hakumwona mwanafunzi. Lakini kukosea huko hakukuwa kwa kujitafutia raha. Angetaka raha angenyamaza.

Kule mbele kiti kililia. Kimya alikuwa amejisogeza karibu na kioo, midomo inacheza. Alikuwa akiutekeleza msimbo mstari kwa mstari, kama walivyozoea ubaoni, yeye mwenyewe ndiye kompyuta. Akafika. Akasimama.

"Aa," alisema. "Nimesahau mwalimu."

"Umesahau nini?" mtahini aliuliza.

Binti akashika mdomo kwa aibu. "Nuktamkato. Ndivyo tunavyomwita."

Akaitia. Programu ikaenda, na ndege wote wakatazama juu.

Mtahini alivaa miwani, akaandika kwa muda, akafunga mkoba. Mlangoni akamgeukia mwalimu. "Kazi ni yake. Mkono ni wako, lakini kazi ni yake. Nitawaambia hivyo." Kisha, kwa sauti ya chini: "Yule kijana aliyeondolewa ndiye aliyeshikilia kwamba binti asikilizwe kabla ya kufutwa. Wengine walishataka kufuta. Sikwambii ili umsamehe. Nakwambia kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa."

Wiki za mtihani zikapita. Wanafunzi waliandika kwa kalamu, wakatoka wakibishana majibu, na chumba cha kompyuta kikabaki kitupu. Saa nne ya mapumziko ilimkuta Nuktamkato ameketi peke yake. Akafungua kabati, akatoa simu.

"Nakuja hospitalini kwako mchana," alisema. "Una ruhusa ya kuongea na mimi siku hizi?"

"Ninayo." Sauti ilikuwa kama ya mtu aliyeshikilia pumzi kwa muda mrefu.

Alimkuta kwenye benchi mbele ya dirisha la dawa, shati jeupe lilelile, lakini amekonda. Watu walipita na vikaratasi vyao. Alisimama alipomwona, akaketi, akasimama tena.

"Nilikosea," alisema kabla hajaulizwa. "Si kwa kusema. Ningesema hata leo. Nilikosea kwa kuwa nilisema kama mwenye hakika. Niliujua mkono wako, nikadhani hakuna mwingine awezaye kuwa nao. Sikufikiri kwamba wewe ni mwalimu. Nilikufikiria kama mpenzi wangu tu."

Nuktamkato aliketi. Gauni lake siku hiyo lilikuwa la manjano, lile alilolihifadhi kwa siku za maana, ingawa njiani alijidanganya kuwa mengine yote yako majini.

"Siku ile chumbani," alisema taratibu, "nililiona kosa la yule mtoto. Ilinibidi ninyamaze. Iliniuma mpaka kwenye mifupa. Ndipo nikajua wewe ulikuwa umekaa wapi." Akamgeukia. "Lakini bado nina hasira kidogo."

"Kiasi gani?"

"Usipime. Itakwisha yenyewe."

"Nitaisubiri hapa hapa." Akautazama mkono wa mwalimu uliokuwa juu ya benchi, akauliza kwanza kwa macho, kisha akaushika. "Nataka nije nyumbani tena. Safari hii nije kumwomba mama yako. Nataka nikuoe, mwalimu. Nilitaka kukwambia kabla ya yote haya, nikawa natafuta siku nzuri. Sasa nimechoka kutafuta siku."

Dirishani mhudumu aliita jina la mgonjwa, mzee mmoja akainuka na fimbo yake. Walimpisha. Alipokwisha kupita, Nuktamkato alikuwa bado hajautoa mkono wake.

"Mama ana maswali," alisema. "Alikuwa muuguzi miaka yote ile, hadanganyiki. Atakuuliza ulikuwa wapi, na kwa nini ulinyamaza, na siku mwanawe akikosea kweli utafanya nini."

"Utanisaidia?"

"Hata neno. Nitakaa nyuma, mikono magotini."

"Na nikikwama?"

"Utakwama," alisema, na kicheko chake alichokizuia tangu mlangoni kikamtoka. "Jumapili mchana. Usichelewe, mama hapendi chai ipoe."