Kitufe Kilichomkataa Mzee Mansuetus

Gaudiosa akibonyeza kitufe cha Tuma, fomu ilikwenda. Akibonyeza Mzee Mansuetus, haikwenda.

Mwanzoni Gaudiosa alicheka moyoni. Alikuwa akitengeneza tovuti katika chumba alichopanga karibu na soko la Mbinga, na wateja wazee alishawazoea. Wengine walikibonyeza kitufe kama wanaua kunguni. Lakini Mzee Mansuetus alikuwa karani kwa miaka thelathini, na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Ndiye aliyeagiza fomu ile ya kuandikisha watu waliozama Ziwa Nyasa, ili majina yao yasomwe kanisani Mbaha Jumapili. Majina ya kwanza alitaka kuyaingiza kwa mkono wake.

"Jaribu tena, mzee. Taratibu."

Mzee akabonyeza. Chini ya kitufe yakatokea maandishi mekundu: *Bado mmoja.*

"Hayo umeandika wewe, mwanangu?"

"Hapana. Mimi niliandika 'Jaza nafasi zote' tu."

Gaudiosa akaipekua programu mstari kwa mstari. Maneno yale hayakuwamo. Akakifuta kitufe, akakiunda upya, akaizima kompyuta na kuiwasha. Akajaribu yeye, fomu ikaenda. Akajaribu mzee. *Bado mmoja.*

Ndipo harufu ikaingia. Nje kulikuwa na manyunyu na baridi ya Mbinga, saa nane mchana, wanawake wakipita na mafurushi ya mboga. Ila humo ndani palinuka tope la ziwani na usipa, dagaa wa Nyasa, waliooza. Gaudiosa akafungua dirisha. Harufu ikazidi. Alipogeuka, akaona maji yakichuruzika kutoka katikati ya herufi za kibodi, maji yenye mchanga mweusi.

"Mzee, umemwaga chai?"

 Mzee Mansuetus alikuwa ameiweka mikono yake yote miwili mapajani, na bado herufi zilikuwa zikibonyea zenyewe, moja baada ya nyingine, polepole kama zinabonyezwa na mtu aliyekufa ganzi kwa baridi, mpaka kwenye nafasi ya jina likasomeka *Tadei*, na kwenye nafasi ya kijiji *Mbaha*, na pale fomu ilipouliza jina la anayeandikisha pakaandikwa *Mwenyewe*.

"Funga hiyo mashine," mzee akanong'ona. "Funga, mwanangu, nakuomba."

Gaudiosa akajaribu kukishusha kifuniko cha kompyuta. Hakikushuka. Kilimrudisha mkono, kama kuna mtu ameshika kwa ndani.

"Tadei ni nani, mzee?"

Mzee alisema kwa sauti ya chini sana hata Gaudiosa ikambidi ainame.

"Rafiki yangu. Tulikuwa tunatoka Malawi na mtumbwi, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Upepo wa mwera ukavuma, tukapinduka, tukabaki na dumu moja la kuelea, na halikuweza kutubeba wawili, na yeye akalishika kwa mkono mmoja tu, hakutaka hata kunisukuma, akawa ananiambia tushikilie mpaka kupambazuke, na mimi nikamng'ata vidole. Nikamng'ata mpaka akaachia."

"Na kwao uliwaambia nini?"

"Nilimwambia mkewe amebaki ng'ambo. Ameoa."

 Gaudiosa alitamani akimbie sokoni, kwenye watu, lakini aliona kwamba mlango ulikuwa upande wa mzee, na kati yake na mlango sakafu ilikuwa imelowa kwa nyayo za mtu ambaye hakuwapo. Akaisukuma kompyuta mbele ya mzee.

"Andika alivyopotea. Yote."

Mzee akaandika, machozi yakimdondoka. Akabonyeza Tuma.

*Imepokelewa.*

Harufu ikakatika ghafla. Sakafu ikakauka. Sauti za sokoni zikasikika tena, na wote wawili wakavuta pumzi kana kwamba ndio kwanza wametoka chini ya maji.

"Sasa mpigie mkewe," Gaudiosa akasema. "Asije akayasikia kanisani."

Mzee akapiga, simu akaiweka mezani kwa sauti ya nje, Gaudiosa naye asikie.

"Shemeji Bonifasia, nina jambo zito. Nilikudanganya. Tadei hakuoa. Tadei alikufa ziwani, na aliyemuua ni mimi."

 Upande wa pili Bonifasia akacheka, kicheko chepesi cha mtu mwenye furaha.

"Shemeji, utani gani huo leo? Tadei amerudi! Ameingia sasa hivi. Yuko chumbani anabadili nguo, masikini, zimelowa chapachapa." Akanyamaza, kama anamsikiliza mtu. "Anauliza siku hizi unakaa wapi. Nimwambie?"