Kigogo cha Gurudumu

Leonardi si mtu wa porojo, ndiyo maana namwamini. Enzi za Mwingereza alikuwa fundi wa magari huko Temeke pamoja na Albano, ambaye hakuweza kufungua nati bila kupiga mluzi. Siku moja Leonardi alichukua kigogo kilichozuia gurudumu la lori, mara moja tu, bila kumwambia Albano aliyekuwa uvunguni mwa lori. Lori likateleza kwenye jeki. Msibani watu walilaumu jeki, naye akanyamaza.

Baada ya arobaini, dereva Revelian akalileta lori lilelile. Injini ilikuwa inalia, sauti nyembamba isiyokatika. Leonardi akaingia uvunguni, gizani, na kijiti chake. Masikio yake yalikuwa mazito, kwa hiyo aliuma ncha moja na kuigusisha nyingine kwenye chuma, sauti ikampanda mifupani. Akagusa dinamo, siyo. Akagusa giaboksi, siyo.

"Hebu zima!" akapaza sauti, kisha akauma kijiti tena.

Injini ikazimika. Mlio haukuzimika. Akaufuata taratibu hadi gurudumu la nyuma, hadi kwenye kigogo kilekile, alichokiweka mwenyewe asubuhi ile. Alipokigusa, meno yote yalimtetemeka.

Revelian akainama nje, amekasirika. "Fundi, mie nakuuliza umeona nini, wewe unapiga mluzi tu!"

Leonardi akapeleka mkono mdomoni. Kijiti alikuwa bado amekiuma.