Maji ya Kumuogesha Mama

Kila asubuhi Orpa aliuza sombe, majani ya muhogo, kando ya barabara ya Vulamba, mjini Butembo. Ile wiki hakuuza kitu. Mama yake, Adèle, alilala ndani siku nne na homa, akitapika damu. Ijumaa akafariki.

Kwao, binti mkubwa ndiye anayemuogesha mama. Asiyefanya hivyo atasemwa mpaka azeeke. Orpa akabandika maji jikoni huku analia.

Jirani yao Joyeuse akasimama mlangoni. Huyu aliugua Ebola kule Beni, akapona, na tangu arudi watu walimkwepa. Orpa naye alimkwepa, tusifichane.

"Mama Gamaliel, pole sana. Lakini hapana kumugusa."

"Mama yangu mwenyewe? Nimuache vile, kama mutu hana batoto?"

"Sisi tulimuogesha tantine, shangazi yetu. Tulikuwa batu bane. Nimebaki peke yangu. Mutu akisha kufa na hii ugonjwa, njo anaambukiza sana. Damu, jasho, nguo zake, yote. Tuite ekipe ya mazishi, bale banazika wafu ba Ebola. Bako na gants, zile glavu za mikono."

"Na mimi nitafanya nini?"

"Utachagua kitenge ya kumuzika nayo. Utaomba. Utaona kaburi na macho yako, lakini kwa mbali."

Orpa akawatazama watoto wake, Gamaliel na Providence, waliokuwa wamejikunyata uani. Akamwaga maji.

Ekipe ilipombeba Adèle, jirani wa nyuma, Stanislas, akasema mbele ya wote, "Binti gani anaachia batu wengine mama yake?" Orpa akainama kwa aibu.

Nyumba nzima ilipewa chanjo. Kila siku muuguzi alikuja kuwapima homa. Akina mama wa kanisa waliacha chakula langoni, na Joyeuse akawatekea maji. Siku ishirini na moja za kungoja kama ugonjwa utatokea zikapita, hakuna aliyeugua. Orpa alimshukuru Mungu, lakini usingizi haukumjia.

Wiki iliyofuata, dada wa Stanislas akafa kwa dalili zilezile. Wanawake wakaanza kupasha maji. Orpa na Joyeuse wakaenda pamoja, wakasimama mlangoni.

"Papa Stanislas," Orpa akasema, "mama yangu sikumuogesha. Inaniuma mpaka leo. Lakini batoto bangu bote bako bazima."

Stanislas akakaa chini, kichwa mikononi. Wanawake walingoja na ndoo zao. Kisha akatoa simu mfukoni.

"Namba ya ile ekipe," akauliza, "muko nayo?"