Nani Anakwaruza Gari la Papa Léopold?

Papa Léopold anauza sabuni na chumvi kwa jumla mjini Kisangani. Nyumba yake iko kwenye barabara ya Kapalata, na barabara ile ina vumbi jekundu lisilo na adabu. Anachokipenda sana, baada ya mke wake Virginie na watoto, ni gari lake jeusi. Virginie husema mpangilio huo hauamini sana.

Kila Jumamosi gari huoshwa uani. Kwanza Virginie hulimwagia maji mengi. Kisha Léopold hulipaka sabuni kwa kitambaa laini, taratibu, kama anamwogesha mtoto. Likikauka, hulifunika kwa turubai, ambalo pale mjini huitwa bâche. Rangi hung'aa mpaka mtu anaweza kunyolea ndevu mbele yake.

Lakini likienda matengenezo kwenye karakana ya kampuni iliyomuuzia, gari hurudi na mikwaruzo. Mara ya kwanza ilikuwa kidogo tu, mlangoni. Mara ya pili ilifika hadi kwenye paa. Léopold hakuelewa kabisa. Akatazama huku na huku, akamwona fundi Feruzi amevaa mkanda wenye chuma. Hasira zikampanda.

"Ni weye!" alipiga kelele mbele ya mafundi wote. "Ule mukaba yako njo inaharibu gari yangu!"

"Papa, miye sikuegemea gari yako," alijibu Feruzi.

Hakuna aliyemsikiliza. Mkuu wa karakana, Liévin, alimsimamisha kazi. Kisha akamwambia Léopold, "Bon, papa. Mara ingine utakaa hapa, uangalie weye mwenyewe. Feruzi hatagusa gari. Kama inatoka muzuri, donc ni yeye. Ataenda kwake kabisa."

Siku ilifika. Léopold alikuja na turubai lake kutoka nyumbani, kama mara zote. Gari liliposimama tu, alilivutia turubai juu, akaacha boneti peke yake. Kisha akaketi karibu, macho wazi. Fundi mwingine, Osée, alibadilisha mafuta ya injini. Turubai lilipoteleza, Léopold aliinuka akalivuta tena mahali pake. Hakumruhusu mtu mwingine kuligusa.

Kazi ilipoisha, aliondoa turubai. Akainama. Akafikicha macho. Paa lilikuwa na mikwaruzo mipya.

"Haiwezekane! Miye niko hapa! Hakuna mutu aligusa!"

 Feruzi hakuwepo. Osée hakuegemea. Sasa nani?

"Ama ni ulozi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ulozi unakula rangi, papa?" alicheka Aurélie, mpaka rangi wa karakana. "Ngoja kwanza. Asubuhi ulitoka wapi?"

"Kwetu, Kapalata."

"Na vumbi?"

"Eh, mingi sana."

"Ulimwanga maji mbele ya kufunika?"

"Hapana. Nilifunika haraka, ili batu basiguse. Kwangu, mama Virginie njo anamwanga maji."

Aurélie alipitisha kiganja chake chini ya turubai. Kikatoka chekundu. Akachukua mlango wa gari bovu, akaunyunyizia vumbi, akaburuta ncha ya turubai juu yake. Kisha akauosha kwa maji. Mikwaruzo ilikuwa ileile, myembamba, mingi.

"Vumbi iko na mchanga ndani," alisema. "Ukivuta bâche juu yake, unasugua gari kama sufuria. Kwako mama Virginie anamwanga maji kwanza, mchanga unaenda. Hapa ulifunika mchanga."

"Alors... ni miye?"

"Ni weye, papa."

 Aurélie akaendelea kwa upole. "Ukifika, uombe tumwange maji kwanza. Usipanguse na kitambaa kikavu. Bâche uiache nyumbani. Fundi akiinama kwa moteur, kwa injini, atavua mukaba na saa, na tutatandika kitambaa safi pale anaegemea. Tena tuzunguke gari pamoja mbele ya kuacha funguo, na wakati wa kuichukua. Hapo hakuna mutu atashitaki mwenzake bure."

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma Léopold. Feruzi alikuwa nje ya lango, anangoja kujua kama bado ana kazi. Léopold alitoka kumwita.

"Feruzi, twende pembeni tuongee."

"Hapana, papa. Ulinishitaki mbele ya bote. Uongee mbele ya bote."

 Léopold aliona aibu kweli. Akarudi naye ndani, katikati ya mafundi.

"Musikilize. Feruzi hana kosa. Miye njo nilikwaruza gari yangu, na mikono yangu."

Mtu mmoja alicheka. Feruzi hakucheka. Liévin alimwambia avae nguo za kazi.

Matengenezo yaliyofuata, gari lilimwagiwa maji mpaka vumbi lote likatiririka chini. Léopold na Feruzi walilizunguka pamoja, wakitazama rangi.  Feruzi alivua mkanda, akatandika kitambaa, akaanza kazi. Léopold alimwachia funguo, akaenda dukani kwake.

Jioni walilizunguka tena. Hapakuwa na mkwaruzo mpya hata mmoja. Léopold alinyoosha mkono. Feruzi aliutazama kidogo. Kisha akajifuta mafuta mkononi, akaupokea.

"Mara ingine ulete kwangu tena, papa," alisema.