Sifuri ya Jumapili

"Nyasa Mbili, skrini inasema boti sifuri. Ziwa ni tupu. Geuza."

Ottilia, askari na fundi wa programu wa doria ya ziwa, alimsikia Mkuu wake, Nathaniel, akimwita kwa jina la redio kwenye Motorola. Akaongeza moto. Pikipiki yake ya Honda iliteremka kuelekea Lundo, kando ya ziwa.

Tangu Kigonsera alikuwa akifuata lori lililobeba magunia mia mbili ya kahawa ya wizi, jasho la mwaka mzima la wakulima wa Ukata. Yakivuka ziwa, basi tena.

"Sifuri ya skrini ipi, Mkuu?"

"Ya Victor."

Akasonya.

Victor alikuwa mtaalamu wa kampuni ya nje iliyoleta rada ya ziwani pamoja na laibrari, yaani programu ya kuisoma. Programu hiyo ilifungwa kama kopo: bila rada yenyewe kuwaka haikubali hata kufunguka, sembuse kupimwa.

"Haihitaji majaribio, dada," alisema Victor siku alipoileta. Mkuu akaamuru iunganishwe hivyo hivyo.

Ottilia alikataa mbele ya kikao kizima. Nusura aache kitambulisho mezani.

Aliandika adapta, kipande chembamba cha programu cha kukaa katikati, mfumo uongee nacho badala ya laibrari. Kisha akapanda mnara, akachomoa waya wa rada makusudi. Laibrari ikajibu: boti sifuri. Uongo mtupu. Ila saa ya mzunguko wa mwisho wa rada ilikuwa imesimama.

Majibu hayo akayafanya laibrari bandia ya kupimia adapta bila rada. Sharti likawa moja: sifuri ikija na saa iliyosimama, piga kelele kwenye simu yake.

Siku nyingine sifuri ingeshtua mtu. Lakini leo Jumapili Lundo nzima iko misani, mitumbwi imelala mchangani. Nani angeuliza?

Simu ikalia. Ilikuwa adapta.

RADA HAIJIBU TANGU SAA 3:04.

"Mkuu, waya umekatwa. Victor yuko wapi?"



"Aliaga mapema. Anakwenda misa."

Alimkuta chini ya mnara, koleo la kukatia waya mkononi. Hatua kumi mbele yake, boti iliyojaa magunia ilikuwa inaelea.

Ottilia akachomoa bastola: risasi mbili. Injini mbili za Yamaha za boti zikazima.

"Weka koleo chini, kaka."

"Skrini haioni boti hapa," Victor alisema.

"Skrini yako."

Askari wa doria walipomfunga pingu, redio ilikoroma. Sauti ya Mkuu ilikuwa imepoa.

"Ottilia, ile amri ya kuunganisha hivyo hivyo. Naifuta."

"Sikuwahi kuitekeleza, Mkuu."

Akazima redio, akakung'uta mchanga kwenye viatu, akatembea taratibu kuwahi misa ya pili.