Mikwaruzo ya Gitaa la Mjomba Kasmiri

Kila siku akitoka shule, Luciana alifuata ratiba ambayo hata mama yake alishachoka kuipinga. Alivua sare, akala haraka haraka, akaosha kikaango cha vitumbua vya mama, kisha akanawa mikono kwa sabuni na kuikausha vizuri. Hapo ndipo alipoligusa gitaa.

Gitaa lenyewe lilikuwa la mjomba wake, Kasmiri, aliyekuwa akiongoza watalii hifadhini kule Mang'ula. Alimwachia Luciana ili alipigie kwaya ya watoto ya parokia yao pale Ifakara, kwa sharti moja tu, alitunze. Uso wa gitaa ulikuwa wa mbao nyembamba ya rangi ya asali, iliyopakwa vanishi ikang'aa. Zamani pembeni ya lile tundu la katikati kulikuwa na kipande cha plastiki kilichobandikwa kuzuia mikwaruzo, lakini joto la Ifakara lilidhoofisha gundi yake, kikabanduka. Mjomba aliahidi kuleta kingine. Luciana hakuona haja. Kwake yeye, gitaa lilipendeza zaidi bila kiraka.

Hata kile kiplastiki kidogo cha kupigia nyuzi kilikuwa kimepotea, hivyo alijikatia kingine kwa wembe kutoka kwenye mfuniko wa dumu. Kilikuwa kigumu na kilitoa sauti kali, naye alikipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Jumamosi, wenzake wakiwa wamejaa mlangoni mwa ukumbi wa parokia kusubiri mazoezi, Luciana alilitoa gitaa kwenye mfuko wake. Jua lilipolipiga, alihisi damu imemchemka. Chini ya tundu, vanishi ilikuwa imechanika kwa mikwaruzo mingi myembamba, mingine imefika kwenye mbao yenyewe.

"Nani kafanya hivi?" alifoka.

Wenzake walisogea kutazama. Lakini Luciana alikuwa tayari na jibu lake. Katika mazoezi yaliyopita, alipokwenda kunywa maji, alirudi akamkuta Mbuke amelipakata gitaa. Mbuke alikuwa binti wa wafugaji wa upande wa Kivukoni, anayeishi mjini kwa shangazi yake ili asome. Mkononi alivaa bangili ya shaba aliyopewa na bibi yake.

"Ni wewe! Na hilo libangili lako!"

"Mimi?" Mbuke alishtuka. "Nilipiga kwa kidole gumba tu, Luciana. Na bangili niliivua kwanza, nikaiweka mfukoni."

"Muongo! Mikono iliyozoea fimbo ya ng'ombe itajuaje kushika gitaa?"

Baadhi ya watoto walicheka. Kicheko hicho kilikuwa kibaya kuliko tusi lenyewe. Mbuke aliwatazama mmoja mmoja.

"Fimbo ya ng'ombe ndiyo inayonilipia daftari," alisema. "Na mimi si muongo."

Mwalimu Verediana, kiongozi wa kwaya, alifika akakuta kelele. Badala ya kuuliza pande zote mbili, aliangalia gitaa, akaangalia bangili, akaguna. "Mbuke, kaa nyumbani kwanza mpaka tulimalize jambo hili."

Kwa hiyo binti aliyekuwa ameteuliwa kuanzisha nyimbo siku ya sherehe ya mtakatifu somo wa parokia aliondoka peke yake, bila kugeuka nyuma. Luciana alimwona akienda, na bado alikuwa na hasira.

Nyumbani alimsimulia mama yake kwa sauti ya juu. Mama aliacha kukoroga unga wa mchele wa vitumbua.

"Ulimwona akikwaruza?"

"Sikumwona, lakini mama, nani mwingine?"

"Nimekuuliza, ulimwona?"

Luciana alinuna. Kuna watu wakikasirika hupata ushahidi hewani, na siku hiyo yeye alikuwa mmoja wao.

Siku iliyofuata Mjomba Kasmiri aliteremka kwenye basi la kutoka Mang'ula. Hata kabla hajamaliza kuitikia shikamoo ya Luciana, aliambiwa habari za Mbuke, bangili na ng'ombe. Mjomba alisikiliza, uso ukizidi kukunjamana. Kisha alilipeleka gitaa mlangoni penye mwanga, akalikagua.

"Dada, nipatie unga kidogo wa mchele, ule mkavu," alimwambia mama.

Aliunyunyiza unga juu ya uso wa gitaa, kiasi cha kuufunika tu chini ya tundu, akampa Luciana. "Piga ule wimbo wenu wa kuingilia. Piga kama unavyopiga siku zote."

Luciana alitoa kiplastiki chake cha mfuniko wa dumu, akapiga kwa nguvu zake zote. Alipofika kwenye kiitikio, mjomba aliushika mkono wake.

"Basi. Angalia."

Kwenye unga kulikuwa na mistari myembamba, ikiteremka kwa kupinda kidogo. Mjomba aliupuliza unga. Chini yake, mahali pale pale, mikwaruzo ilikuwa imepinda vile vile. Kila mara mkono wa Luciana ulipopita kwenye nyuzi, ncha ya kile kiplastiki kigumu ilikuwa ikiichana vanishi.

Luciana alikiweka chini kiplastiki chake. Alijionea aibu.

"Mjomba, nisamehe. Nimekuharibia gitaa."

"Gitaa?" Mjomba alipandisha sauti, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. "Unadhani nimekasirikia mbao? Chombo kinachopigwa lazima kichakae. Umemtukana mtoto wa watu mbele ya wenzake, umetukana na kazi ya wazazi wake, halafu unaniomba msamaha mimi! Nimefanya nini mimi?"

Alifungua begi, akatoa kipande cha plastiki laini, chembamba, kinachopenyeza mwanga kama kioo. Aliifuta mbao kwa kitambaa mpaka ikatakata, akakibandika taratibu chini ya tundu, akikikandamiza kwa dole gumba kutoa hewa.

"Mbona mikwaruzo bado inaonekana?" Luciana aliuliza kwa unyonge.

"Itaonekana siku zote. Hiki kinazuia mkwaruzo ambao haujatokea. Uliokwisha kutokea hakiufuti."

Mazoezi yaliyofuata, baada ya Luciana kumweleza ukweli, Mwalimu Verediana alimfuata Mbuke mwenyewe kwa shangazi yake. Luciana alisimama mbele ya kwaya nzima.

"Mbuke hakuharibu gitaa. Niliharibu mimi kwa kupiga vibaya. Nilimwita muongo, nikawatukana na wazazi wake. Mbuke, naomba unisamehe."

"Na mimi naomba radhi," alisema mwalimu. "Nilikuhukumu kabla ya kukusikiliza."

Mbuke alikunja mikono kifuani.

"Nimewasikia," alisema. "Kuimba nitaimba, kwa sababu nafasi yangu ni yangu. Lakini Luciana, bado nimekukasirikia."

Luciana alimgeukia mwalimu, macho yamejaa machozi, kana kwamba anamtaka amwamuru Mbuke acheke. Mwalimu Verediana alitikisa kichwa.

"Ana haki. Sikieni wote. Hasira si dhambi, lakini ukikasirika usimnyooshee mtu kidole kabla hujachunguza, na kuchunguza kuanzie kwako mwenyewe. Neno la uongo ukishalisema linaacha alama. Kuomba radhi ni lazima, ila alama haiondoki siku hiyo hiyo. Luciana, kazi yako sasa ni kuwa mwenzake mwema, hata kama itachukua muda mrefu."

"Ndiyo, mwalimu."

Luciana alikaa, akalipakata gitaa na kupiga kwa kidole gumba, taratibu. Mbuke alisikiliza akiwa amekunja uso.

"Umeanza chini mno," alimwambia. "Panda kidogo."

Luciana alipandisha. Mbuke akavuta pumzi, akaanzisha wimbo.